Kiti cha Dereva

Mabanga, Bungoma
9 Februari 2025

Kwako Mama mkwe,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi huku hatujambo, ila jua ni kali na mahindi ya mwaka jana yameanza kuliwa na dumuzi ghalani. Nimepewa kidato cha pili, watoto tisini na mmoja katika chumba kimoja, sauti imekauka kabisa. Natumaini miguu yako imepoa na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama.

Utanisamehe kukuandikia barua zama hizi. Simu tumeijaribu. Wewe unauliza, mimi nasimama wima kama niko mbele ya mwalimu mkuu na kuitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", na nikishakata nagundua sikushika hata neno. Naye Fridah amekataa kutubebea ujumbe. Jana alisema, "Si muongee wenyewe bana, mimi si posta." Kuja huko tukae mezani ndiyo haiwezekani kabisa. Sisi Wabukusu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono wala hawakai karibu, na wewe na mimi tumelishika hilo vizuri. Krismasi ulipoingia mlango wa mbele mimi nilitokea wa jikoni, nikakusalimu nikiwa nyuma ya tangi la maji. Kwa hiyo bahasha hii nimempa Abdirashid, yule anayepeleka vipuri Kitale kila wiki.

Neno lenyewe ni gari. Fridah yuko miezi mitatu sasa. Zile mimba mbili za kwanza, unakumbuka, hazikufika mwezi wa tano. Daktari wa Eldoret anataka kumwona kila baada ya wiki tatu, na juzi alirudi amekalia kile kiti cha kukunja cha gari la abiria, magoti yamemfika kifuani. Akiba ninayo, leseni nimepata Novemba. Nataka gari dogo la mtumba, lenye kiti kinacholala, lisilorusha mtu kwenye matuta, na lenye nguvu ya kupita lori kwenye mwinuko wa baada ya Webuye bila abiria kuanza kuomba. Yadi za magari huku ni chache. Wewe umeendesha pikapu ya maziwa miaka kumi na tisa. Naomba unitazamie.

Mkweo,
Eliakim Makokha

Kitale
2 Machi 2025

Mkwe wangu Eliakim,

Barua yako nimeipata majuzi tu. Abdirashid aliitia kwenye katoni ya breki, breki zikakaa stoo wiki mbili. Nimemwambia ajue barua si kipuri.

Hatujambo. Ng'ombe amezaa dume, nimekasirika lakini nitafanyaje. Mvua bado. Jirani yangu Linah amerudi kutoka kwa binti yake na kila siku ananihadithia wajukuu, mimi nasikiliza tu.

Sasa gari. Nimeenda yadi ya kijana mmoja anaitwa Muchiri. Akaanza kunieleza redio ya gari. "Mama, hii muziki yake ni moto!" Nikamwambia afungue boneti, redio nitasikiliza nyumbani. Fundi wangu Kipkemei akalala chini yake nusu saa. Ni gari aina ya Axio, injini ya cc elfu moja mia tano, rangi ya fedha. Chini hakuna kutu, mafuta hayavuji.

Sikuridhika na macho. Nikaketi mwenyewe, nikaliendesha mpaka Moi's Bridge na kurudi. Usukani mwepesi, kiti kinashika mgongo vizuri, na miguu yangu hii unayoiulizia haikulalamika. Kwenye matuta linashuka polepole. Njoo ulichukue kabla mwingine hajafika.

Mama yake Fridah

Mabanga, Bungoma
16 Machi 2025

Kwako Mama mkwe,

Tumefurahi kusikia ng'ombe amezaa, hata kama ni dume. Huku mvua imeanza na tumepanda. Fridah anakula vizuri, sasa ametaka ndizi za kuchoma asubuhi, mchana na jioni. Binamu yangu Hillary anakusalimu, bado anatafuta kazi.

Asante sana kwa taabu uliyojipa. Nimelifikiria lile gari, na naona kama nguvu yake itakuwa kidogo. Elfu moja mia tano, watu wanne na mizigo, na ule mwinuko. Sijui. Labda tutazame lenye injini kubwa kidogo.

Na Mama, nilikuwa nafikiria, Kipkemei haendeshi? Siku nyingine yeye ndiye angeketi nyuma ya usukani akalijaribu, wewe ukapumzisha miguu. Ukisimama pembeni na kutazama inatosha kabisa.

Mkweo,
Eliakim

Kitale
6 Aprili 2025

Mkwe,

Salamu. Sisi wazima. Mahindi yameota, ndama anakunywa vizuri.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta pale ulipoandika kwamba mwanamke hajui gari. Hukuandika, wewe ni mwalimu, una adabu zako. Lakini "simama pembeni na utazame" nimeielewa. Mkwe, mimi nilipita Cherang'ani na matope ya Aprili nikiwa na lita mia sita za maziwa nyuma na Fridah amelala kifuani pangu. Huyo Kipkemei unayetaka aendeshe, mimi ndiye niliyemfundisha kubadilisha gia.

Haya. Ulitaka nguvu, nimetafuta nguvu. Muchiri ana Sylphy nyeupe, injini ya elfu moja mia nane. Nimeliendesha mpaka Moi's Bridge, nikapita malori mawili ya mbao mlimani na likawa bado lina pumzi. Nyuma ni kupana mno, mtu ananyoosha miguu. Nililala pale kwenye kiti cha nyuma nusu saa nzima mchana, Muchiri akidhani nimezirai. Kisha nikarudi mbele, nikakilaza kiti cha abiria, halafu cha dereva, nikajipindua kila upande kama mwenye mimba. Ukilinganisha na lile la kwanza, ile Axio ingekunywa mafuta kidogo na kupenya mjini, lakini kwa safari ndefu ya barabara kuu na mwili wa mwanangu, ni Sylphy. Utulivu ni ule wa kukaa sebuleni.

Mimi nimelikalia kila mahali. Hakuna kiti ambacho sikukijaribu. Sasa utasema nini?

Mama yake Fridah

Mabanga, Bungoma
27 Aprili 2025

Kwako Mama mkwe,

Salamu za Pasaka zilizochelewa. Fridah yuko miezi mitano na nusu. Hatujawahi kufika hapa. Usiku namsikia akihesabu wiki kwa vidole, nami najifanya nimelala.

Mama, tafadhali, sikukudharau. Naapa. Hakuna mtu ninayemwamini kuhusu gari kuliko wewe.

Ila lile jeupe, nimeona rangi nyeupe itashika vumbi la huku Mabanga.

Jumamosi nilienda na Hillary kuona gari jingine hapa mjini, la Ubaid, mwenye duka la nguo karibu na msikiti. Ni la zamani lakini aliliosha vizuri. Tulipofika ule mwinuko likaanza kutetemeka, lori la mafuta likatupita. Lori, Mama. Dereva wake akatupungia mkono. Ubaid mwenyewe alicheka akasema, "Mwalimu, hii ni ya kupeleka watu msikitini, haijui Eldoret."

Naendelea kutafuta.

Eliakim

Kitale
4 Mei 2025

Eliakim,

Leo sina salamu za ndama.

Wiki iliyopita Muchiri aliniletea la tatu mpaka mlangoni, Allion, na mimi kama mjinga nikaliendesha tena, nikaja ndani kukuandikia ya kwamba viti vyake ni laini, kwamba mlimani linavuta vizuri ila nyuma ni finyu kuliko lile jeupe. Nilikuwa katikati ya barua simu ikalia. Ni Fridah. Alipanda gari la abiria kutoka kliniki, likaruka kwenye tuta pale Turbo, na kufika nyumbani akaona damu.

Najua umempeleka hospitali. Najua imekoma na mtoto anacheza. Ameniambia yote akilia, na akaniomba nisikugombeze. Nitakugombeza. Amelazwa na ameambiwa asipande kitu kinachomrusha tena mpaka ajifungue. Miezi miwili gari jema limekaa kwenye yadi ya Muchiri linanyeshewa, limefanyiwa kila kitu, na wewe unaniambia vumbi! Vumbi, Eliakim! Kwani gari jekundu halishiki vumbi?

Nimejiuliza kama pesa huna. Fridah anasema unayo. Nimejiuliza kama hutaki kumgharimia. Fridah anasema unamchotea maji hata ya kunawa uso. Basi ni mimi. Kila gari ninaloligusa linakuwa baya. Kama unaniona mwanamke mzee anayejifanya fundi, niambie kwa wino wako mwenyewe, nitanyamaza na nitakaa na Linah nihesabiwe wajukuu wa watu.

Sababu yako ni nini? Usiniandikie rangi.

Mama yake Fridah

Mabanga, Bungoma
11 Mei 2025

Mama,

Fridah ametoka hospitali juzi. Daktari wa hapa amesema apumzike, na safari ya Eldoret iwe kwa gari la utulivu tu. Mtoto anacheza sana, hasa nikiongea.

Nimeandika barua hii mara nne. Nimechana tatu. Hii nikiichana tena nitakuwa sina haya.

Mama, uliniambia umekikalia kiti cha dereva. Ulikikalia katika lile la kwanza mpaka Moi's Bridge. Katika lile jeupe ulikikalia, ukakilaza, ukalala juu yake. La tatu vilevile. Mimi nimelelewa na nyanya yangu kule Sirisia. Nikiwa mdogo mjomba alikaa bila kujua kwenye kigoda cha mama mkwe wake, na nikaona wazee wakikutana, na kondoo akachinjwa, na mjomba hakuinua uso mwaka mzima. Mkwe hakalii alipokaa mama mkwe wake. Nitakaaje hapo kila siku, kwenda shule, kwenda sokoni, mgongo wangu pale palipokuwa mgongo wako?

Na ningekuambiaje? Kukuambia ni kutaja unavyoketi. Ndiyo nikasema nguvu, nikasema rangi. Nilidhani utajaribu moja ukiwa umesimama. Najua ni ujinga, mke wangu ameona damu kwa sababu ya haya zangu. Nilipomwona amelala pale nilisema nitakalia hata moto. Lakini niliporudi nyumbani nikawaza kile kiti, mwili ukakataa. Najichukia.

Nisamehe.

Eliakim

Kitale
18 Mei 2025

Mkwe wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa zizini, nikakaa chini kwenye nyasi, nikacheka mpaka ng'ombe akanisogelea. Halafu nikalia. Halafu nikakasirika upya.

Nimekasirika na wewe kwa miezi hii yote, na nimejikasirikia mimi zaidi. Mimi ndiye mkubwa. Mama yangu alinifunza kwamba hata kigoda cha jikoni nikifiche mkwe akija. Lakini nikiingia kwenye gari mimi huwa dereva, nasahau kwamba mimi ni mama mkwe wa mtu. Haikunijia hata siku moja kwamba kiti cha gari ni kiti. Wewe ulinidokezea nisimame pembeni, nami kwa kiburi changu cha pikapu nikasikia tusi.

Ila nikuulize, haya magari yote yametoka Japani yameshatumika. Unajua kule yalikaliwa na mama mkwe wa nani? Hukumuulizia Mjapani, umeniona mimi tu!

Basi sikiliza. Lile jeupe bado lipo, vumbi na yote. Nimemwambia Muchiri asiliuze au nitamkalia yeye. Kipkemei amepata gari la aina hiyohiyo lililogongwa nyuma, liko kwa wauza vyuma, na kiti chake cha dereva ni kizima. Dereva wake alikuwa kijana asiyeoa, nimeulizia. Jana tumekifungua kile nilichokikalia na kufunga hicho. Usukani nimeuvika ngozi mpya, mkono wangu haupo. Kutoka yadini mpaka nyumbani Kipkemei ndiye aliyeendesha. Mimi nilisimama pembeni nikatazama. Ilinikera sana.

Kiti cha abiria na cha nyuma nimeviacha. Huko atakaa Fridah, naye alikaa tumboni mwangu, hana la kuogopa.

Kiti changu kile kiko sebuleni, Kipkemei amekipigia miguu ya mbao. Nakitumia kutazama habari. Kinalala vizuri mno.

Tuma pesa kwa Muchiri Jumatatu. Jumanne Kipkemei atakuletea gari mpaka mlangoni.

Mama yake Fridah

Eldoret
21 Agosti 2025

Kwako Mama,

Ni msichana. Kilo tatu kasoro robo. Wote wawili wazima. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, kwa karatasi ya daftari, maana kwenye simu nililia tu, najua hukusikia kitu.

Uchungu ulianza juzi saa nne asubuhi, wiki moja kabla ya siku yake. Nilikuwa shuleni nikisahihisha karatasi za muhula uliokwisha. Nilifika nyumbani nikamkuta ameshabeba begi, amekaa garini, amekilaza kiti mwenyewe. Mama, ule mwinuko wa Webuye nilikuta malori sita yamefuatana. Miezi yote hii nimekuwa nikienda nyuma yao taratibu. Juzi nilitazama mbele, nikaona pamenyooka, nikakanyaga, gari likaitika. Moja moja, yote sita. Pale Turbo kwenye tuta lile nilipunguza mwendo. Nikamtazama Fridah. Alikuwa amesinzia kati ya uchungu na uchungu. Amesinzia, Mama! Walimpasua jioni.

Sasa kuna jambo. Jumamosi wanaruhusiwa. Fridah anataka wewe uje Eldoret na urudi naye, umwogeshe mtoto wiki za kwanza. Kulala utalala kwa jirani yetu Phelista, nimeshaongea naye, ana chumba. Shida ni njia. Yeye na kidonda chake lazima alale kiti cha mbele. Kwa hiyo wewe na mtoto ni nyuma, na mimi ni pale pangu. Ni mwendo wa saa mbili, na ni gari dogo. Nimefikiria nimpe Hillary funguo awaendeshe, mimi nirudi kwa gari la abiria. Au nikutafutie gari jingine lifuate nyuma yetu. Amua wewe, nami nitafuata.

Abdirashid anapita hapa akielekea Kitale, nimemwambia hii si kipuri.

Mkweo,
Eliakim

Kitale
22 Agosti 2025

Mkwe wangu, baba wa mjukuu wangu,

Abdirashid amesimama mlangoni anasubiri, kwa hiyo naandika haraka. Nimeshamwambia Linah. Nimemwambia mara mbili.

Hillary simpi mjukuu wangu. Huyo namjua, hata toroli asishike. Gari la pili la nini, sisi ni harusi? Utaendesha wewe. Aliyepita malori sita mlimani ndiye nitakayekaa nyuma yake.

Nitakaa nyuma upande wa kushoto, mbali na kiti chako. Mtoto nitampakata mimi, nitajifunika leso mpaka kichwani. Wewe hutageuka. Ukitaka kuniuliza kitu muulize Fridah, hiyo siku moja atakubali kuwa posta.

Nilikuwa nimekuandikia hapa kwamba kioo cha ndani ukigeuze juu, ili macho yetu yasikutane. Nimekifuta. Nimeendesha miaka mingi mno, siwezi kukuambia upite Turbo na mtoto ndani bila kuona kilicho nyuma yako. Kiache mahali pake, Eliakim. Ukiniona, umeniona.

Mama yake Fridah